Namna ya kutoka kwenye komedi ya kuangukaanguka mpaka uigizaji wa siriasi bila kuutupa mwili wako

Hili swali naulizwa sana na vijana wa hapa Mtwara, hawa wanaorekodi klipu kule Shangani na wengine Mikindani kwenye yale majumba ya zamani. Juzi tu dogo mmoja kanifuata ananiambia, "Kaka shikamoo, mimi watu wameshanizoea kwa kuanguka, nikitokea tu kwenye simu zao wanacheka hata sijafanya kitu, sasa nataka kucheza kitu cha kuumiza moyo, nafanyaje?" Nikamwambia marahaba, kaa hapa. Tukakaa mpaka magharibi. Naandika humu yale niliyomwambia na mengine niliyoyasahau siku ile, mana nipo kwenye uchekeshaji mwaka wa kumi na moja sasa na hii miaka minne ya mwisho nacheza vyote viwili, vya kuchekesha na vya kuliza, kwahiyo sehemu kubwa ni mambo niliyoyapitia kwa mwili wangu.

Kosa ambalo karibu kila mtu analifanya mwanzoni ni kudhani kwamba kuwa siriasi maana yake ni kuacha kutumia mwili. Mtu alikuwa anaruka, anateleza, anajigonga mlango, sasa kapewa sini ya msiba anasimama wima kama nguzo ya umeme, anapaka Vicks chini ya macho machozi yatoke, afu anapiga kelele. Hapo hamna kitu. Umeacha silaha yako nyumbani umeenda vitani na ya kuazima. Mwili uliokufundisha kuchekesha ndo huohuo utakaoliza watu, kinachobadilika ni kasi, na unamwachia mtazamaji muda kiasi gani wa kukuangalia.

Hili sikulijua kwenye kitabu, nililijua msibani. Mjomba wangu mmoja alikuwa mgema, aliwahi kudondoka kwenye mnazi akabaki anachechemea mguu wa kushoto mpaka anakufa. Tumemzika kijijini, njia ya kwenda Mtama, na kama kawaida ya kwetu watani wakaja kufanya kazi yao. Mtani mmoja kavaa koti la marehemu, kashika bakora yake, anatembea vilevile anachechemea, anadai chai, anagombana na kuku, anakaripia wajukuu. Watu tulicheka mpaka tunashikana mabega, shangazi yangu ambaye ndo mjane naye anacheka na kanga mdomoni. Afu yule mtani akafika mlangoni, pale ambapo mjomba alikuwa anasimama kila siku kuvua kandambili, akaweka mkono kwenye fremu ya mlango, akatulia. Hakusema neno. Kama pumzi tano hivi. Shangazi akapasuka kilio, na uwanja mzima ukafuata. Mguu ni uleule, koti ni lilelile, na uso hakuukunja hata kidogo, alichofanya ni kusimama muda mrefu kidogo kuliko tulivyozoea. Mimi hiyo picha ninayo mpaka leo, na kila kitu ninachofundisha kinatoka mlangoni pale.

Sasa tuje kwa waliotutangulia. Anza na huyu ambaye hata bibi yako anamjua, Mr Bean. Kwenye vibanda vya video alikuwa ndo mtu pekee ambaye DJ wa kutafsiri hana kazi, mana hasemi, anaguna tu. Jina lake ni Rowan Atkinson, kazaliwa 1955, kasomea uhandisi wa umeme mpaka Oxford. Na anapoongea kama yeye mwenyewe ana kigugumizi, ambacho kwa maelezo yake mwenyewe kinaondoka anapoingia ndani ya mtu mwingine. Kitu ambacho kinashangaza watu nikiwaambia ni kwamba vipindi vyenyewe vya Mr Bean vile vya watu, siyo katuni, ni 15 tu, vilianza siku ya mwaka mpya 1990 vikaishia 1995. Kumi na tano! Dunia nzima imemkamata kwa vipindi 15, na ndo hapo ugumu unapoanzia, mana ukikamatwa hivo kutoka ni kazi.

Ila angalia alivyotoka. 1988, kabla hata Mr Bean hajaanza kurushwa, alikuwa kwenye steji ya London akicheza vipande vya Chekhov, yule mwandishi Mrusi, kwahiyo njia alishaanza kuichimba mapema. 2012 akasema wazi kwamba mtu wa miaka hamsini na kitu akiendelea kufanya utoto kwenye skrini inaanza kuwa ya kusikitisha. Mwaka uliofuata, 2013, akarudi steji kucheza mwalimu mpweke anayefundisha Kiingereza kwa wageni, mtu ambaye yupo tu kwenye chumba cha walimu, hana mke, hana mtoto, anakaa kwenye kiti chake na watu wanapita mbele yake na matatizo yao. Afu 2016 na 2017 akacheza filamu nne za televisheni kama Maigret, mpelelezi wa Paris, mtu wa koti zito na kiko mdomoni, anayeongea taratibu na kusikiliza zaidi.

Zoezi la kwanza liko hapohapo. Tafuta kipindi kimoja cha Mr Bean, zima sauti kabisa, angalia na daftari mkononi. Usiandike vichekesho, andika sehemu alizotulia. Utashangaa ni nyingi. Kabla hajafanya ujinga anatulia, anaangalia pembeni, anafikiria, na sisi tunamwona anafikiria. Ukimaliza tafuta Maigret hata vipande vifupi kama bando halitoshi, zima sauti tena, andika vilevile. Ule utulivu ni uleule, ila kwa Mr Bean baada ya utulivu kinakuja kichekesho, kwa Maigret baada ya utulivu kinakuja utulivu mwingine. Usimwige. Jiulize wewe kwenye klipu zako huwa unatulia wapi, na kama hutulii popote basi tatizo lako limeanzia hata kwenye komedi yenyewe, unakimbia tu.

Zoezi la pili ni la kuanguka na hapa nitakaa sana mana ndo kazi yetu.

Kwanza usalama. Nenda ufukweni maji yakiwa yamekupwa, mchanga ukiwa na unyevu kidogo, kagua chupa na mawe kwa mikono yako siyo kwa macho. Pasha mwili joto, shingo, nyonga, vifundo vya miguu. Ukianguka kidevu kiende kifuani kichwa kisigonge, usinyooshe mikono kuzuia mana ndo watu wanavunjika vifundo vya mikono, anguka kwa kutembeza mwili kwenye nyama, paja, tako, mgongo wa bega. Ukiwa huwezi kuanguka mara ishirini mfululizo bila kuumia basi bado hujawa tayari kuanguka mara moja mbele ya kamera. Norman Wisdom, Mwingereza wa kabla ya Atkinson, alikuwa bondia akiwa jeshini India na ukimwona anavyodondoka utaona kabisa ni mtu aliyezoea kwenda chini na kuinuka. Alizaliwa 1915, umaarufu wa filamu ukamkuta 1953, na akaishi mpaka 2010 akiwa na miaka 95.

Sasa ukishaweza kuanguka salama, anguka mara tatu kwa namna tatu. Mara ya kwanza anguka kama kwenye klipu zako, haraka, inuka haraka, jifute vumbi, angalia kama kuna mtu kakuona. Hiyo inachekesha kwa sababu mtu anahangaikia heshima yake. Mara ya pili anguka vilevile lakini ukiwa umebeba kitu, ndoo ya maji, au kangomba moja (kile kipimo cha mtaani) ya korosho, na kikimwagika usiinuke, kiangalie kwanza. Hesabu mpaka kumi kichwani. Mara ya tatu anguka ukiwa umebeba hichohicho, na pembeni aweko mtu anayekutegemea, mtoto kwa mfano, anakuangalia. Hapo usimwangalie yule mtoto haraka. Okota kwanza, punje mojamoja. Nimeshafanya hili na vijana wengi na kila mara mwanguko wa tatu unaleta ukimya, hata wapita njia wanasimama, na hakuna aliyepiga kelele wala aliyepaka Vicks. Mwanguko haujabadilika hata kidogo, uzito wa kilichodondoka ndo umebadilika.

Nikumbushe kuhusu huyo Wisdom, 1981 akiwa na miaka 66 alicheza tamthilia ya BBC kama mgonjwa wa kansa anayekufa hospitalini. Mtu ambaye taifa zima limemzoea kwa suti ya kubana na kofia ya pembeni, anapiga mweleka kila kona, kalazwa kitandani. Nenda kalifikirie hilo vizuri wewe unayesema watu hawatanikubali. Mtu wa kuanguka kalala. Yale maungo yaliyokuwa hayatulii yametulia, na anayemjua lazima imguse zaidi kuliko angekuwa ni mwigizaji asiyemjua. Kwahiyo umaarufu wako wa kuanguka siyo mzigo, ni akiba. Siku utakayokaa bila kuanguka watu wataona kuna kitu.

Zoezi la tatu ni la uso na hili nimelitoa kwetu kabisa. Wengi mmeona mapiko yakicheza, ile ngoma ya vinyago ya Wamakonde, kama siyo kijijini basi kwenye tamasha la MaKuYa la ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao. Mchezaji wa lipiko uso wake ni mti. Haukunji, haulii, haucheki, umechongwa siku moja na utabaki hivohivo. Lakini unamwona anaringa, unamwona anaogopa, unamwona mzee, yote yanatoka shingoni, mabegani na kwenye miguu. Chukua kanga ya mama, jifunike uso wote (acha nafasi ya kupumua), mwambie mwenzako akupe habari, mfano kivuko cha Msangamkuu kimeondoka na ulikuwa unawahi kumwona mgonjwa upande wa pili, afu ionyeshe hiyo habari kwa mgongo tu. Sisi wachekeshaji tunategemea sana uso, tunatoa macho, tunapinda mdomo, na kamera ya filamu ya siriasi inakuja karibu, ule uso wa klipu unakuwa mkubwa mno. Wiki mbili za kanga zitakufundisha kuuacha uso upumzike.

Kuhusu sauti sitasema mengi. Ile sauti nyembamba ya kuchekeshea iache, tafuta ile unayoongea na mama yako jikoni. Ukipata nafasi ya mchezo wa redio kwenye redio za jamii chukua hata kama hela ni ndogo.

Lakini lafudhi nataka kuisema na naisema kwa uchungu. Kwenye komedi nyingi za Bongo mtu wa kwetu ni mlinzi au machinga, na lafudhi ya Kimakonde inaletwa ili watu wacheke, hata kabla mtu hajasema jambo lenyewe. Na sisi wenyewe tumeitumia, mimi pia, mana inalipa. Sasa kijana wa Mtwara akitaka kuwa siriasi kitu cha kwanza anachofanya anaanza kuongea kama mtangazaji wa Dar, anaona kulia kunahitaji Kiswahili cha kunyooka. Usifanye hivo. Baba zetu wamefiwa kwa lafudhi hii, mama zetu wametubembeleza kwa lafudhi hii. Ikiwa mtu anacheka ukisema "mama amefariki" kwa lafudhi ya Newala, basi kazi yako ni kukaa palepale na lafudhi yako mpaka aache kucheka.

Na watacheka kweli, jiandae. Mara yangu ya kwanza nilicheza baba aliyebeba mtoto mgonjwa usiku, tulicheza kwenye ukumbi wa shule moja ya sekondari, wanafunzi wamejaa mpaka madirishani. Nilivyoingia tu na mtoto wa kitambaa mgongoni ukumbi ulilipuka kwa kicheko, wanaita jina langu la kwenye klipu, wanasubiri nianguke. Nilitamani kuanguka, nakuambia ukweli, miguu yenyewe ilitaka, mana kicheko kina utamu na ukimya unatisha. Nikakumbuka mlango wa mjomba. Nikasimama, nikamweka mtoto vizuri mgongoni, nikafunga kanga upya taratibu, fundo la kwanza, fundo la pili, bila kuwaangalia. Kicheko kikapungua, kikabaki cha watu wachache nyuma, kikaisha. Baada ya hapo wakanifuata mpaka mwisho. Baadaye mama mmoja mpishi wa pale akaja akanishika mkono, "Mwanangu, lile fundo, ndo nilivyofunga mimi siku ile." Hakuendelea na mimi sikumuuliza.

Kwahiyo kanuni ya kicheko kisichotakiwa ni hii, usigombane nacho, usiongeze sauti kukishinda, na usikipe kinachokitaka. Mpe mwili kazi ndogo ya kweli ya mikono, kufunga, kukunja, kuosha, kuhesabu hela, na uifanye mpaka iishe.

Wa tatu katika Waingereza wangu ni Lee Evans, huyu hapa kwetu hajulikani sana, ni mchekeshaji wa jasho, alikuwa anahangaika steji nzima mpaka shati linaloa. 2004 huko London alicheza tamthilia ya Samuel Beckett, ndani yake kuna bosi kipofu asiyeweza kusimama na mtumishi asiyeweza kukaa, na Evans ndo huyo mtumishi. Anapanda ngazi kuchungulia dirishani, anashuka, kasahau kitu, anarudi. Ni komedi ya mwili tupu ukiiangalia juujuu, lakini ni mtu ambaye hana pa kwenda. 2007 tena akacheza ya Harold Pinter, wauaji wawili wa kukodiwa wanasubiri amri chumbani. Nimemtaja kwa sababu anaonyesha daraja liko wapi, chukua kichekesho chako cha kurudiarudia, kile cha mtu anasahau kitu anarudi, anasahau tena anarudi, afu muondolee huyo mtu sehemu ya kwenda. Usibadilishe kingine.

Kuhusu nafasi za kuchagua, usianze na jambazi. Vijana wanadhani siriasi ni bastola na kukunja ndita. Anza na mtu wa kawaida aliye kimya, na mimi ninayempa kila mwanafunzi ni mlinzi. Ndiyo, mlinzi huyohuyo wa kwenye vichekesho. Yuko getini Dar, saa nane usiku, ana rungu, tochi na redio ndogo, simu inaita kutoka Tandahimba, mama yake kafariki. Hawezi kuondoka getini mpaka saa kumi na mbili mwenzake aje. Ndo hivo tu, hakuna maneno mengine. Dakika saba, peke yako. Afu katikati tajiri anarudi na gari, lazima afungue geti na aseme karibu bosi.

Wiki ya kwanza mcheze kichekesho kabisa, asinzie, aogope paka, adondoshe tochi. Usidharau hii wiki, ndo inakupa mwili wake, namna anavyoshika rungu, kiti chake kibovu, goti linalouma. Wiki ya pili ilete simu, lakini usibadilishe chochote katika mwili, paka bado anapita na tochi bado inadondoka. Wiki ya tatu anza kupunguza. Toa paka. Toa kusinzia. Kila kitu unachotoa acha nafasi yake wazi, usiijaze na kilio. Wiki ya nne irekodi kwa simu ukiwa mbali, mwili mzima uonekane, usisogeze kamera kwenye uso hata kama unatamani.

Kwenye hili la hela niseme ukweli, usiache komedi. Usitangaze kwamba kuanzia leo mimi siyo mchekeshaji, watu wanachukia kuambiwa hivo na siku ukihitaji kurudi utakuta mlango umejifungia mwenyewe. Harusi zipo, msimu wa korosho watu wana hela na wanaita washereheshaji na wachekeshaji, nenda ukafanye kazi ukale. Atkinson baada ya Maigret alirudi kwenye komedi yake ya ujasusi 2018, hakuona aibu. Na Wisdom 2000 alipewa heshima ya Sir na Malkia mwenyewe, alipomaliza kupokea akageuka akajikwaa makusudi, na Malkia akatabasamu. Miaka 19 baada ya kucheza yule mgonjwa! Mtu anaweza kuwa na vyote viwili mfukoni. Nachoomba mimi ni kwamba ukurasa wako wa klipu usiweke kazi za siriasi mwanzoni, mana yule anayekufuata pale kaja kucheka baada ya kazi, ukimpa msiba bila taarifa unamdhulumu. Tafuta pa kuonyeshea kwingine, ukumbi wa chuo, ukumbi wa parokia, baraza la mtu, watu thelathini wanatosha.

Na kabla ya hao thelathini tafuta watano. Siyo marafiki zako wa kurekodi nao, hao watakusifia. Chukua mama mmoja mtu mzima, bodaboda mmoja, mtoto wa darasa la sita au la saba, mzee asiyetumia simu janja, na mtu mmoja ambaye hajawahi kukukubali. Wachezee mlinzi wako uani jioni, bila kamera, bila muziki. Ukimaliza usiulize mmeonaje. Waulize huyu mtu alikuwa anasubiri nini. Wakikujibu saa kumi na mbili ifike, rudi kafanye tena wiki ya tatu, bado kuna kitu hujakitoa. Akitokea hata mmoja akakuambia alikuwa anasubiri mtu aje amwambie pole, hapo nenda kaombe ukumbi.